Chungu Kilichokataliwa na Konokono

Mjukuu wangu alirudi kutoka shuleni na konokono wa ziwani ndani ya chupa kubwa ya kioo, ile ya peremende za dukani. Mwalimu wao alikuwa amewaagiza watoto wawatazame wanavyoishi. Tuliiweka chupa dirishani, tukatia mchanga na majani ya majini, na mwanzoni mambo yalikwenda vizuri. Konokono walitambaa chini polepole, wakapanda jani na kushuka, kama wazee wanaokagua shamba. Leo asubuhi kijana akanijia mbio.

"Bibi! Konokono wako wanatoroka!"

Walipokuwa wazuri walikuwa wake. Walipoharibika wakawa wangu.

Nikainama nikatazama. Kweli, hakubaki hata mmoja majini. Wote walikuwa wamepanda juu ya mstari wa maji na kubanana shingoni mwa chupa, wengine wamefunga kabisa ile milango midogo ya magamba yao. Nikafungua kifuniko, na harufu ikanipiga usoni. Ilikuwa chachu, harufu ya uji uliolala.

"Umewapa nini?"

"Ugali, Bibi. Kidogo tu. Walikuwa na njaa."

Nikakaa chini. Chai ikapoa mkononi. Harufu ile niliwahi kuinusa nikiwa mtoto wa umri wa huyu, katika uwanja wa nyumba ya Wazungu, siku ambayo nilidhani mama yangu angekufa mbele yangu.

Mimi si mtu wa kuandika. Nilisoma madarasa machache chini ya paa la nyasi. Kiswahili nilikikuta shuleni, maana nyumbani tulisema Kikisi na sokoni Kinyakyusa. Nikikosea, nisahihisheni kimoyomoyo. Jambo lingine linanitia wasiwasi zaidi: nitakayoyasema yanawagusa wanawake wawili ambao hawapo tena kujitetea. Mmoja ni mama yangu, na mwingine ndiye aliyemshtaki. Nitajitahidi kuwapimia sawa, ingawa mmoja wao alininyonyesha.

Kwetu ni Ikombe, mahali mlima unapoingia ziwani bila kuaga. Mashamba yetu yalikuwa vipande vilivyoning'inia kwenye miamba, mihogo michache na migomba iliyoshikilia kwa kucha. Aliyetaka kula ilimbidi afinyange. Wanawake wa kwetu walitoa udongo, wakautwanga, wakaujenga kwa mikono wakizunguka chungu wao wenyewe, wakaukwangua kwa kipande cha kibuyu na kuusugua kwa jiwe laini la ufukweni. Vyungu vikishachomwa tulivipanga ndani ya mtumbwi katikati ya majani makavu ya migomba, tukavipeleka kwa Wanyakyusa upande wa Mwaya, kwenye mpunga na mahindi. Bei ilikuwa rahisi kuelewa. Mnunuzi alikijaza chungu nafaka, nafaka ikawa yako na chungu kikawa chake. Kwa hiyo mimi nilipokuwa nikitazama chungu kitupu nilikuwa nikitazama chakula. Siku ambayo chungu hakikutakiwa, hatukula.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka kwamba chungu kipya hakianzi na maji. Kikitoka motoni na kupoa hupikiwa uji mwepesi, na uji unaachwa humo mpaka uzibe vitundu vyake. Mama alikuwa akisema chungu ni kama mtoto, kisiponyonya kwanza kitalia maisha yake yote. Kulia maana yake ni kuvuja.

Jambo jingine dogo la nyumbani kwetu nilitaje hapa, maana litarudi. Mama hakunipa kikombe changu mwenyewe. Alikunywa kwa kata, akabakiza maji kidogo chini, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. Alijua nipo. Nami nilikuwa nipo siku zote, namalizia.

Siku moja sokoni mpishi wa Wazungu alitufuata. Tulimwita Baba Tusajigwe, kwa jina la binti yake. Bwana wake alikuwa mpimaji wa ardhi, na wakati mwingi alikuwa safarini na minyororo yake ya kupimia. Mkewe, ambaye wote tulimwita Bibi, alibaki nyumbani.

"Bibi anataka chungu," mpishi akasema. "Mdomo mpana kama ungo, kimo kifupi. Kitakaa barazani juu ya mbao, kwa hiyo kisivuje hata tone. Hata tone, dada! Akiona mbao zimelowa, mimi ndiye nitakayefutwa kama hizo mbao."

"Kitakaa na nini ndani?" Mama akauliza.

"Maji. Kwani chungu hukaa na nini?"

Simlaumu. Labda hata yeye hakuwa ameambiwa. Mama alirudi nyumbani akakifinyanga chungu kile kwa wasiwasi, na kwa ajili ya lile neno *hata tone* akakinywesha uji mara mbili. Mara ya pili aliuacha uji mzito ulale humo, kisha akamwaga na kukisuuza haraka, kwa sababu mtumbwi wa mjomba wangu ulikuwa tayari. Niliona kwa macho yangu. Hakutia kitu kingine chochote. Naandika hivyo kwa sababu baadaye palifika saa ambayo mimi mwenyewe, mwanawe, nilianza kujiuliza kama niliona vizuri.

Tulipokipeleka ndipo nilipoliona ziwa la Bibi. Ndivyo watu walivyoliita, wakicheka: ziwa zima liko pale chini linapiga kelele, na mtu anachota kidogo analifunga barazani! Lilikuwa sanduku la kioo lenye kingo za chuma, lililotoka kwao Ulaya, na kona moja ilikuwa imepasuka na kuzibwa kwa nta ya mshumaa. Ndani mlikuwa na mchanga, majani, visamaki vidogo na konokono. Nilibandika pua kwenye kioo. Sikuwahi kumwona konokono kutoka chini, jinsi mguu wake unavyotiririka bila hatua, na mdomo wake unavyofumba na kufumbua kama anayesema jambo asilotaka lisikike. Nilidhani wanalalamika kufungiwa.

"Usinipulizie kioo, wewe mtoto wa samaki," mwanamke mmoja akaniambia. Alikuwa Mama Tusajigwe, mke wa mpishi, na alinipa ukoko wa wali mkononi, mzito, wenye mafuta. Sitausahau ukoko ule. Jikoni binti yake, Tusajigwe, alikuwa amelala mkekani na homa, macho yanang'aa mno.

Mama Tusajigwe alikigonga chungu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza mlio. "Chungu kizuri, dada. Kipya hiki kitapoza maji kuliko vyote vya humu ndani."

"Ndaga fijo," Mama akashukuru, akainama kidogo. Walikuwa wanawake wawili waliopendana kwa namna ya watu wa sokoni, na sisemi zaidi ya hapo.

Bibi akaagiza chungu kijazwe maji na yaachwe yatulie kwanza. Sisi tukaondoka.

Siku ya soko iliyofuata tulifika na mtumbwi umejaa. Mama alipanga vyungu ufukweni kama kawaida, vidogo mbele, vikubwa nyuma. Jua likapanda. Wanawake walipita na vikapu vya mpunga kichwani, wakatazama vyungu, wakamtazama Mama, wakaenda zao. Mama alisalimu, "Mwagonile," na salamu ikaanguka mchangani isiokotwe. Mmoja akamvuta mtoto wake kwa mkono asitukaribie. Mwingine, ambaye zamani alikuwa akituachia ndizi, akasema bila kusimama:

"Hivyo wapelekee mamba. Konokono wamekataa."

Wenzake wakacheka, lakini si kicheko cha mzaha. Mjomba akainua kasia kana kwamba amwendee, Mama akamzuia kwa jicho. Nilimshika Mama nguo. Nyumbani unga ulikuwa umebaki wa kufuta chini ya kibuyu, na mimi nilijua, kwa kuwa nilikuwa nimeufuta.

Ndipo mpishi akaja, hatazami watu. "Dada, mke wangu anakuita. Njoo kimya kimya. Bibi yupo barazani, asijue kitu."

Chungu cha Mama kilikuwa barazani, juu ya mbao zake kavu. Hakikuwa kimevuja hata tone. Lakini konokono wa Bibi, waliohamishiwa humo kabla ya samaki kutoka kwenye kioo kilichopasuka, walikuwa wote wameyaacha maji. Walijipanga ukingoni mwa chungu kuzunguka pande zote kama shanga shingoni. Wengine walikuwa wamevuka ukingo na kuanza kushuka nje, kuelekea sakafuni, kuelekea popote. Bibi alikuwa amepiga magoti na kijiko cha chai. Aliwachukua mmoja mmoja akawarudisha, akisema nao kwa lugha yake kwa sauti ya kubembeleza, nao wakapanda tena. Alikuwa akicheka. Harufu ile chachu ilinifikia nikiwa chini ya ngazi.

Mama Tusajigwe alitungoja pembeni, kwenye uwanja wa jiko. Hakuniita mtoto wa samaki. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Njoo uone kazi ya mikono yako, wewe Mkisi."

"Nimeiona," Mama akasema.

"Kabla hawajawekwa hao wadudu, nilichota maji humo. Niliona chungu kipya, baridi, nikasema mwanangu ana moto mwilini, ngoja nimpoze. Nimemnywesha. Nimemnywesha kwa mkono huu! Usiku homa ikapanda juu zaidi. Asubuhi naamka, naona hata konokono wameyakimbia maji." Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na sauti ile ya chini ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Konokono, anayekaa kwenye tope! Anayekula uchafu! Ulitia nini?"

"Uji."

"Uji gani unaofukuza konokono?"

Hapo lazima nisimame niwe mwadilifu. Mara nyingi watu waliposimulia habari hii kwetu Ikombe walimfanya Mama Tusajigwe kuwa mwanamke mwovu mwenye kijicho. Hapana. Aliona kwa macho yake kitu ambacho hata mimi nilikiona, mtoto wake alikuwa anaungua ndani, na yeye ndiye aliyeshika kata. Angemlaumu nani? Ajilaumu mwenyewe?

"Wapo bado wazee huko juu mtoni wanaojua kuchanja lile gome," akasema. "Twende ukanywe. Ukirudi salama nitapiga magoti."

Mpishi akageuka haraka kutazama barazani. Hata mimi nilielewa. Alikuwa anasema mwavi, ile dawa ya kiapo. Serikali ilikuwa imeupiga marufuku, na aliyenywesha mwenzake angefungwa mnyororo kule boma, lakini mambo yaliyokatazwa hayakuwa yameenda mbali. Nyanya yangu alikuwa amenieleza: mshtakiwa hunywa maji ya gome hilo, watu wakangoja. Mwenye moyo safi huyatapika. Mwenye hatia hayatoki, hubaki nayo tumboni yakammaliza.

Bibi akanyanyua kichwa na kuuliza kitu. Mpishi akajibu kwa unyenyekevu, kisha akatugeukia jasho likimtoka. "Nimemwambia mnapatana bei. Jamani, patanani."

Mama akaangalia mikono yake kana kwamba ndiyo inayoshtakiwa. Kisha akasema, "Sina haja ya kwenda mtoni. Unaogopa maji haya. Nitakunywa haya."

Akachukua kata iliyotundikwa mlangoni mwa jiko, akapanda ngazi ya baraza, akamwinamia Bibi kwa heshima, akachota katikati ya chungu, mahali ambapo hakukuwa na konokono. Bibi akamtazama kwa mshangao, akatabasamu, labda akidhani ni desturi ya wafinyanzi. Mama akashuka na kata mkononi. Akanywa mbele ya Mama Tusajigwe. Koo lake nililiona likipanda na kushuka. Akabakiza kidogo chini, akanyoosha mkono nyuma bila kutazama.

Nami nilikuwepo.

Sikufikiri. Nilimalizia. Maji yalikuwa mazito kidogo, na chachu. Mama hakuona, kwa kuwa macho yake yalikuwa kwa mwenzake. Nilipoirudisha kata mahali pake hakuna aliyenitazama.

Basi tukangoja. Mama aliketi juu ya kinu kilicholazwa, Mama Tusajigwe akaketi mlangoni mwa jiko mahali alipoweza kumwona Mama na kumsikia mtoto wake ndani. Mpishi alimenya viazi vilevile mpaka vikawa vidogo kama kokwa. Barazani kijiko cha Bibi kiligonga ukingo wa chungu, kikanyamaza, kikagonga tena.

Nilijaribu kuomba. Nilikuwa nimefundishwa sala shuleni, na niliijua vizuri mpaka mahali pa kueleza unachotaka. Hapo nikakwama. Mama akitapika, yeye ni safi, nyanya alisema. Lakini akitapika, maana yake maji ni mabaya, na chungu chake kimemdhuru Tusajigwe. Asipotapika, maji ni mazuri, na chungu hakina kosa. Lakini asipotapika, ndivyo walivyokuwa wenye hatia. Niligeuza jambo lile kichwani huku na huku kama mtu anayetafuta mlango kwenye kibuyu. Sikujua niombe nini. Nilimtazama koo. Kila alipomeza mate nilisema moyoni *toka*, na papo hapo nikasema *usitoke*. Nikaanza kuhisi kwamba Mungu ananisikia yote mawili na kukasirika. Na hapo ndipo mawazo mabaya yaliponijia: je, nilimwona Mama kila dakika? Aliposuuza chungu, sikuwa nimegeuka kumtazama mjomba?

Nilikimbia hatua chache, nikatapikia maua ya Bibi.

Kelele zikaanza barazani. Bibi akashuka ngazi mbio, sketi ameikusanya mkononi, akanishika paji la uso, akamwuliza mpishi maswali matatu kwa pamoja. Alinukia sabuni. Mpishi akamtazama Mama. Mama Tusajigwe naye akamtazama Mama, na uso wake ukawa wa majivu, maana sasa neno moja tu lilitosha. Mama angesema, *mwambie Bibi kwamba mke wako ametaka kuninywesha mwavi*, na kesho yake askari wangefika.

"Mwambie," Mama akasema taratibu, "huyu amezoea mtumbwi. Nchi kavu inamlevya."

Mpishi akatafsiri. Bibi akacheka, akanipigapiga mgongoni, akarudi kwa konokono wake.

Mama akanigeukia. "Umekula nini?"

"Sijala."

"Umekunywa nini?"

"Nilimalizia," nikasema.

Sikuwahi kuuona uso wa Mama ukiwa vile, si kabla wala baada ya hapo. Akaitungua kata mlangoni, akaigeuza, akaona kwamba haina kitu.

Mama Tusajigwe akainuka mlangoni. Akaja akachuchumaa mbele yangu, akanifuta mdomo kwa ncha ya kitambaa chake. Akamtazama Mama aliyekaa mzima juu ya kinu, akanitazama mimi, akayatazama maua. Nadhani alikuwa anachagua. Hili ni wazo langu la utu uzima, sina ushahidi.

"Mtoto ni tumbo la mama yake," akasema mwishowe. "Yamerudi."

Mpishi akatua kisu.

"Na mimi niliyeyanywa nimekaa," Mama akasema.

"Umekaa. Ndiyo. Nakuona." Akavuta pumzi. "Nisamehe, dada. Mtoto wangu anaungua."

"Twende nimwone."

Wakaingia jikoni wote wawili. Niliwaona kupitia mlangoni wakimgeuza Tusajigwe, wakimsugua miguu kwa kitambaa kilicholowa maji ya mtoni. Baadaye Mama Tusajigwe alitoka na kikapu cha mpunga kichwani, akatangulia mpaka ufukweni, akapita katikati ya wanawake wote. Akachagua chungu kikubwa kuliko vyote, akakimiminia mpunga mpaka ukafurika juu ya mdomo kama kilima. Wanawake wakatazamana. Yule wa ndizi alikuwa wa pili.

Tusajigwe alipona, lakini taratibu, na sisemi kwa sababu ya kitu gani. Bibi aliwarudisha konokono kwenye kioo chake chenye nta, wakashuka mchangani kama kawaida, na chungu cha Mama kikapandwa maua.

Njiani kurudi ziwa lilikuwa shwari. Mjomba alipiga kasia bila kuuliza. Mama alisukutua mdomo kwa maji ya ziwani mara nyingi, kisha akasema bila kunigeukia, "Yalikuwa na ladha gani?"

"Ya uji, Mama."

"Uji," akasema. "Basi ni uji." Lakini alisema kama anayemwuliza mtu mwingine.

Aliendelea kufinyanga mpaka mikono ilipomkatalia. Ila kuanzia siku ile hakuuza chungu cha maji kabla hajanywa humo yeye mwenyewe na kukaa nacho kutwa nzima. Na hakunibakizia tena maji chini ya kata. Alikunywa yote, akamwaga tone la mwisho, akaisuuza kata ndipo akanipa. Kwa miaka mingi niliamini amenikasirikia kwa kumwaibisha kwa Wazungu, kwa kutapikia maua. Nilikua na jambo hilo. Nilipoolewa bado nilikuwa nalo. Sikumwuliza, na yeye si mtu wa kusema, na siku moja hakukuwa na wa kuulizwa.

Leo asubuhi, chupa ikiwa mbele yangu, nimemtuma kijana akamwite Tusajigwe. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwangu, mjane kama mimi, na masikio yake ni mazito. Nimemnusisha chupa.

"Ugali!" akapiga chafya. "Nani amewapikia hawa?"

Nikamweleza yote. Kwamba chakula kikichacha majini, konokono hawawezi kupumua humo, hupanda juu kutafuta hewa. Kijana amesema mwalimu wao ndivyo alivyowaeleza. Kwamba chungu kile kilinyweshwa uji mara mbili, mara ya pili mzito, kisha kikasuuzwa kwa haraka. Hapakuwa na kitu kingine. Kama kingetengenezewa binadamu kisingekuwa na neno, ila hakuna aliyemwambia Mama kwamba anawafinyangia konokono.

Tusajigwe akafikiri. "Kwa hiyo mama yangu aliona kweli. Maji yalikuwa mabaya."

"Yalikuwa yamechacha. Aliona kweli."

"Na mama yako hakutia kitu."

"Hakutia."

"Na homa yangu?"

"Homa yako ilikuwa homa."

"Eh." Akakitikisa kichwa. "Na wewe je, ulitapika nini?"

"Sijui. Labda uji. Labda hofu."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea kicheko kilipokwisha. Nikamshika mkono. Sikumwambia jambo la kata. Hilo nimelielewa baada ya yeye kuondoka, nilipokuwa nikimwaga maji ya chupa na kutia mapya. Mama hakunikasirikia. Aliogopa mikono yake mwenyewe. Kila chungu alichokifinyanga baada ya siku ile alikinywa kwanza yeye, peke yake, mpaka tone la mwisho, asije akabaki mtu nyuma yake wa kumalizia.

Konokono walikaa shingoni mwa chupa muda mrefu, hawaamini. Kisha mmoja akafungua mlango wake, akatoa pembe, akashuka. Wengine wakamfuata. Jua lilikuwa limepanda nami nilikuwa na kiu. Nikachota maji mtungini, nikanywa, nikabakiza kidogo chini ya kata, nikanyoosha mkono nyuma bila kutazama.

Alikuwepo.